Qurayyat Haikuwemo Kwenye Ratiba

Vijana wa idara ya ratiba, siku mliponikatia keki ya kustaafu pale ofisini Al Khuwair mliniomba niwaandikie kidogo jinsi kazi hii ilivyokuwa ikifanywa kabla yenu. Mmoja wenu, yule anayekaa chini ya kiyoyozi, aliuliza kama ni kweli kwamba zamani ratiba ya ligi nzima ilipangwa na mtu mmoja kwa mkono. Ni kweli. Mtu huyo ni mimi, na mkono wenyewe ulikuwa na madoa ya kaboni hata siku ya Idi. Sasa nimekaa nyumbani Al Khoudh wiki sita, mke wangu ameshachoka kuniona, kwa hiyo naandika. Vyeo na mishahara sitavigusa, mafaili mnayo. Nitaandika habari za miaka ya mwanzo, toka sitini na nne mpaka sabini, na zaidi nitaandika habari za kosa moja nililolifanya. Hilo hamlikuti katika faili lolote, kwa sababu mwenye kuandika mafaili nilikuwa mimi.

Nilifika Maskati mwaka wa sitini na nne, nina umri wa miaka ishirini, pamoja na mama yangu na masanduku mawili. Unguja yalikuwa yametokea yaliyotokea, na sisi ambao babu zetu walitoka Oman tukaambiwa tumerudi kwetu. Mimi nilirudi mahali ambapo sijawahi kufika. Kiarabu nilikuwa nacho cha kusomea, cha kununulia samaki sikuwa nacho, na pale sokoni Matrah nikifungua kinywa tu watu hutabasamu. Ami yangu, ndugu yake baba, alinidhamini kwa tajiri mmoja aliyeitwa Sheikh Humaid, mwenye duka la jumla la mchele na vitambaa. Nikawekwa karani.

Sheikh Humaid alikuwa na ugonjwa wa mpira. Aliupata Bombay alikokwenda kusoma, akarudi nao, na hakuutafutia dawa. Yeye ndiye aliyeanzisha ligi yetu ndogo, na ofisi ya ligi ilikuwa pembe moja ya ghala, baina ya magunia ya mchele na ukuta. Tulianza na timu sita. Forodhani walikuwa na timu yao, hospitali yao, wafanyakazi wa kampuni ya mafuta yao, Matrah ilitoa mbili za mitaa, na wa ndani ya ukuta wa Maskati walikuwa na moja. Uwanja ulikuwa changarawe tupu bonde la Ruwi. Nusu ya wachezaji walikuwa hawana viatu, na hao ndio waliokuwa wakikimbia zaidi.

Siku yangu ya kwanza karani mkuu, Bwana Jamnadas, aliniita akanipa daftari la wanachama na rula. Jamnadas alikuwa Banyani aliyezaliwa Matrah, lakini alikuwa amefanya kazi Unguja miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi ya binamu zangu. Aliniambia katika daftari lile hapafutwi kitu. "Timu ikitoka, piga mstari mmoja juu ya jina," alisema. "Mmoja tu, mwembamba. Atakayekuja baadaye aweze kusoma nani alikuwapo." Nilidhani ni ukarani wa kizee. Baada ya mwaka mmoja daftari lilikuwa limejaa mistari, na nilikuwa natumia rula kuliko kalamu.

Maana timu zetu hazikukaa. Nyinyi leo timu ikitaka kujitoa inaleta barua yenye mhuri na wakili nyuma yake. Sisi timu ilikuwa inayeyuka. Wiki hii golikipa amekwenda Kuwait kutafuta kazi, wiki ijayo mabeki wawili wamemfuata, na mwisho wa mwezi kapteni anakuja ghalani na jezi kumi na moja ndani ya mfuko wa mchele, anaziweka juu ya meza, anasema kwaheri. Timu moja ya Matrah iliingia mwezi wa Rajabu ikatoka Shaabani, kwa sababu mwenye timu alimwoa binti wa mwenye timu ya pili, na mama mkwe hakutaka washindane. Hilo nililiandika "sababu za kifamilia", na Jamnadas akaidhinisha.

Ratiba yenyewe nilifundishwa na Jamnadas vilevile. Alikata kifuniko cha bati la samli, akakipiga msumari katikati, akaandika majina ya timu pembeni kwenye vipande vya karatasi. Timu moja inakaa juu haisogei, zilizobaki unazizungusha nafasi moja kila Ijumaa, na wanaotazamana ndio wanaocheza. Namba ikiwa shufwa kila mtu ana mwenzake. Ikiwa witiri, kila wiki kuna timu moja imekaa nyumbani, na timu iliyokaa nyumbani wiki mbili huanza kuzoea. Kompyuta yenu inafanya jambo hilihili, ila kifuniko changu hakikuwa kinahitaji umeme, na hilo lilikuwa jambo jema kwa sababu umeme hatukuwa nao.

Msimu wa pili tulifika timu nane. Kabla ya msimu wa tatu wafanyakazi wa kampuni ya mafuta wakajitoa, wakasema watacheza wao kwa wao huko kambini kwao, kwenye taa na maji baridi. Tukabaki saba. Kamati ya ligi ikatangaza kwamba inatafuta timu ya nane, na habari ikaenda mpaka Qurayyat, mji wa pwani ulio mbali kusini.

Asubuhi moja, mwezi wa Ramadhani ukikaribia, akaingia ghalani mzee mrefu mwenye kilemba cha rangi ya manjano na bakora nyembamba. Akanitolea salamu kwa Kiarabu, nikamjibu, naye aliponisikia ninavyojibu akabadilisha lugha palepale.

"Wewe ndo katibu wa mpira?"

Kilikuwa Kiswahili cha Pemba. Nilikuwa sijakisikia kwa mtu mgeni toka nishuke melini. Jina lake Khalfan bin Saif. Alikuwa na duka Wete miaka kumi na minne, akarudi kwao Qurayyat zamani, kabla ya mambo. Nikamkalisha juu ya mkeka, nikamwagiza halwa, nikamimina kahawa mwenyewe.

Alikipokea kikombe, akakiweka chini mbele yake.

"Mie nna vijana kumi na watano," alisema. "Wanacheza pwani maji yakitoka. Nnataka muwaingize."

"Ami, mambo haya yana kamati. Mimi mwandishi tu."

"Nnajua. Lakini mwandishi ndo mwenye kalamu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba vijana wa Qurayyat wanaondoka mmoja mmoja, na kila anayeondoka anamvuta mwenziwe. Mwanawe wa pekee, Saif, alikuwa na miaka kumi na tisa, naye alikuwa ameshaanza kuuliza nauli ya Kuwait ni kiasi gani. "Kijana akiwa na mechi Ijumaa hatoki Alkhamisi," alisema. "Mpaka msimu unakwisha keshapata mchumba, keshatulia. Mwanangu, mie sitaki kombe. Nnataka wabaki."

Alisema yote hayo na kikombe kiko pale pale, hakijaguswa. Mimi nimelelewa na mama ambaye kahawa ya mgeni ikipoa, nyumba nzima imeaibika. Kwetu Unguja mgeni asipokunywa unamhimiza, ndio adabu. Nikamhimiza.

"Kunywa, ami. Kunywa, isipoe."

Akanitazama muda mrefu. "Ninywe?"

"Kunywa, ami."

Akanywa. Akanywa vitatu, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka, akasimama, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kuwaombea dua wazee wangu. Nikasema moyoni, huyu mzee ana moyo mzuri. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi kwenye hesabu za mchele.

Kamati ilikutana baada ya wiki mbili. Nilisoma maombi ya Qurayyat, na maombi ya watoto wa wauza vitambaa wa Matrah. Qurayyat ni mbali, alisema mmoja. Mwingine alikuwa na mtoto wake golini kwa wauza vitambaa, naye hakusema kitu, hakuwa na haja ya kusema. Nilikuwa na ruhusa ya kuzungumza, na nilikuwa nimemwahidi mzee yule, moyoni mwangu tu, kwamba nitazungumza. Nilizungumza sentensi mbili. Wakapewa wauza vitambaa. Nikapiga taipu barua ya heshima kubwa ya kumwomba radhi Khalfan bin Saif, nikampa dereva wa lori la Qurayyat. Siku ya pili mvua ikanyesha, wadi, lile bonde la mto mkavu, likashuka maji, njia ikakatika, na barua yangu ikakaa mbele ya usukani wa lori lililosimama Ruwi muda wote mpaka Idi ikapita. Nilijua kwamba lori limesimama. Nilidhani hakuna haraka.

Msimu wetu ulianza Ijumaa ya kwanza baada ya Idi Ndogo, na hilo kila mtu alilijua, halikuhitaji barua. Watu walikuwa wengi, wamekaa juu ya mawe pande zote. Timu nane zimekwishajipanga kumsalimu Sheikh Humaid. Hapo tukaona kundi linakuja kwa miguu kutoka upande wa Matrah, vijana kumi na watano wamevaa kanzu fupi nyeupe zilizoshonwa ukanda wa kijani kifuani, ushonaji wa nyumbani, kila ukanda na upana wake. Walikuja kwa mashua toka Qurayyat. Mbele yao Khalfan na bakora yake.

"Hawa nani?" akauliza Sheikh.

Khalfan akamwamkia, akamjibu kwa Kiarabu, kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi: hawa ni timu ya Qurayyat, na katibu wako alinipa neno lake.

Sheikh akanigeukia. "Ulimpa?"

Wallahi sikuwa nasema uongo. Nilisema, "Hapana, Sheikh. Nilimwambia kuna kamati." Kisha, kwa kuwa watu wote walikuwa wananitazama, nikamgeukia mzee mwenyewe nikamuuliza mbele yao: "Ami, sikukwambia kuna kamati?"

Khalfan alifungua mdomo. Akanitazama mimi, akawatazama watu wa kamati, ambao wawili walikuwa wameshaanza kutabasamu tabasamu lile la sokoni, lile ninalolijua. Akafunga mdomo. Kisha akasema kwa Kiarabu, kwa sauti kubwa ili wasikie wote: "Kweli. Kijana alinambia. Nimesahau mimi. Uzee."

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, kilikuwa kicheko cha watu waliokaa juani wanangoja mpira. Mmoja tu hakucheka, kijana mwembamba aliyekuwa nyuma ya mzee, na baadaye nilijua kuwa ndiye Saif. Alimtazama baba yake, akavua kanzu yake yenye ukanda wa kijani, akabaki na fulana, akageuka akaanza kurudi alikotoka. Wenziwe wakamfuata. Mzee akaagana na Sheikh vizuri, akaondoka wa mwisho. Mimi nilichokisikia moyoni wakati ule, na nakiandika kwa sababu ni kweli, ilikuwa afueni. Nikampa refa ishara aanze.

Jumamosi Jamnadas alikuwa ameshapata habari. Aliniuliza kama mzee yule alipokuja ghalani nilimpa kahawa. Nikasema nilimpa. Akauliza kama aliinywa.

"Hakuinywa mpaka nilipomwambia anywe."

Jamnadas akaweka kalamu chini. Akanieleza pole pole kwamba hapa mtu mwenye haja kubwa hupokea kikombe akakiweka chini, na hakinywi mpaka apewe jawabu. Ukimwambia kunywa, umeshampa alichotaka. Neno hilo halirudi, hata Sheikh mwenyewe hawezi kulirudisha.

"Basi kwa nini hakusema pale uwanjani?"

"Angesema nini? Kwamba karani wa Sheikh hajui kahawa?" Akaichukua tena kalamu yake. "Nenda kamwambie Sheikh leo hii. Ukimwambia leo watacheka siku mbili, na mzee atakuwa amesafika. Ukingoja itakuwa jambo jingine."

Sikwenda.

Nataka mnielewe, ingawa sitaki mnisamehe kwa niaba ya mtu mwingine. Miaka ile sisi tuliotoka Unguja tulikuwa tunatazamwa katika kila kitu, tunavyofunga kilemba, tunavyokula wali, tunavyotamka herufi ya qaf. Kibali changu cha kukaa nchini, na cha mama yangu, kilitegemea mdhamini wangu, na mdhamini wangu alitegemea Sheikh anione mtu wa maana. Nikasema nitakwenda Jumamosi ijayo. Nikasema nitakwenda mwenyewe mpaka Qurayyat nikamwombe radhi mzee, njia ikikauka. Njia ilikauka. Ilikauka mara nyingi.

Ligi ikaendelea. Wauza vitambaa walicheza msimu mmoja na nusu wakachoka, nikawapigia mstari. Forodhani wakavunjika, wakaungana na hospitali, wakagombana kuhusu rangi ya jezi, wakaachana. Mwaka wa sitini na nane tulikuwa sita, mwaka uliofuata watano, na kifuniko cha bati kilikuwa na matundu mengi kuliko majina. Ikiwa nina lolote la kuwafundisha katika miaka hiyo ni hili: timu ikianza kuchelewa kuleta orodha ya wachezaji, msiiandikie barua ya onyo, nendeni mkaitembelee, maana imeshaanza kufa. Jamnadas alirudi kwa watoto wake Gujarat mwaka huo wa sitini na tisa. Siku aliyoondoka alinipa rula yake, na hakuniuliza habari za Qurayyat. Hakuniuliza hata mara moja toka Jumamosi ile, na ningependa angeniuliza.

Mwaka wa sabini, mwezi wa Julai, akaingia Sultani mpya na nchi ikafunguka. Hamkuwapo, lakini wazee wenu wamekuhadithieni. Ghafla kila mtaa ulitaka timu, na kamati mpya ikaamua kwamba kila anayeomba aingizwe, tutajigawa makundi mbele ya safari. Nikapiga taipu barua za kuwakubali, moja baada ya moja. Ya Qurayyat niliomba niipeleke mwenyewe.

Nilifika kwa gari la mizigo, mifupa yote imekorogeka. Khalfan nilimkuta amekaa kibarazani kwake, na macho yake yalikuwa yameshafunikwa na ukungu, yote mawili. Alinijua kwa sauti.

"Katibu," alisema kwa Kiswahili. "Karibu, karibu. Umechelewa."

"Nimeleta barua, ami. Qurayyat imekubaliwa."

"Imekubaliwa." Akalirudia neno hilo kama mtu anayeonja chumvi. "Vijana wako Kuwait, mwanangu. Na Bahrain. Mmoja yuko Qatar. Hapa wamebaki wanne, na mmoja wao ana mguu mbovu."

Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba sikujua habari ya kikombe, kwamba nilijua kesho yake baada ya yale ya uwanjani, na kwamba nilinyamaza karibu miaka minne kwa kuogopa kuchekwa.

"Mie nilijua palepale," alisema. "Nimekaa Pemba, nnajua kule kahawa ni kahawa tu. Ulipouliza 'sikukwambia?' nikajua huyu mtoto hana habari."

"Kwa nini hukusema, ami?"

"Ningesema wangekucheka. Mie mtu wa hapa, wakinicheka leo kesho wamesahau. Wewe ndo kwanza ulikuwa umekuja. Ingekuwa jina lako."

Akapapasa bakora yake, kisha akasema lile ambalo ndilo lililonifanya niandike karatasi hizi.

"Lakini nilidhani utamwambia mwanangu. Si siku ile. Baadaye, watu wakishatawanyika. Njiani aliniuliza kama nilimdanganya kwa kutaka ukubwa. Nikamwambia nilisahau. Akasema baba yangu hasahau kitu. Wiki ya pili akapanda meli. Anatuma salamu kwa mamake. Mie nilikuwa nakungoja wewe."

Nikamwomba anuani. Ilikuwa nyuma ya bahasha ya mamake, karakana moja ya Kuwait. Nilikaa palepale kibarazani, karatasi juu ya goti, nikaandika kwa Kiarabu kurasa mbili: kikombe, kamati, barua iliyokaa ndani ya lori, swali nililomuuliza baba yake mbele za watu, na maneno ya Jamnadas. Sikuacha kitu. Nilimsomea mzee, akasema sawa.

Saif alirudi kabla ya mwaka kwisha. Wengi walikuwa wanarudi wakati ule. Alipita Qurayyat kwanza, akakaa kwa wazee wake wiki nzima, kisha akaja Matrah ghalani kunitafuta. Alikuwa amenenepa, amefuga ndevu, na barua yangu ilikuwa mkononi mwake. Nikamwambia akae, akasema atasimama.

"Mzee amenishika uso," alisema. "Anasema nimefanana na ami yangu. Hanioni, lakini anasema."

Nikasema, "Nisamehe, ndugu yangu."

Akaikunjua barua, akautazama ukurasa wa kwanza, akaugeuza, akautazama wa pili.

"Ilikuchukua muda gani kuiandika hii?"

"Alasiri moja," nikamwambia.